Uhispania: Lucas Pérez, mshambuliaji aliyelipa feza zake mwenyewe ili ashuke divizioni ya tatu

Mwanzoni mwa mwaka 2023, mshambuliaji wa Cádiz, ekipe iliyokuwa katika ligi kubwa ya Uhispania, alifanya jambo ambalo wakala wengi wa wachezaji wangemkataza. Lucas Pérez, mwenye miaka 34 wakati huo, aliacha mechi za Real Madrid na Barcelona akaenda kucheza divizioni ya tatu, kwenye ekipe ya mji alikozaliwa, Deportivo La Coruña. Kontra yake na Cádiz ilikuwa na kipengele cha kuivunja kwa euro milioni moja. Deportivo haikuweza kubeba mzigo wote. Kwa mujibu wa vyombo vya habari vya Uhispania, mchezaji mwenyewe alitoa euro 493.000 mfukoni mwake. Na huko alikokwenda, mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule aliouacha.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, inafaa kuangalia kwanza hicho kipengele chenyewe. Wapenzi wa Leopards wanakikumbuka kutokana na Cédric Bakambu: mwezi wa kwanza 2018 kipengele chake cha euro milioni 40 kililipwa, akatoka Villarreal kwenda Beijing Guoan ya China. Sheria ya Uhispania ya mwaka 1985 kuhusu wanamichezo wa kulipwa inasema mchezaji anayevunja kontra kwa kutaka kwake anadaiwa fidia na klabu. Wasipopatana, tribinali ya kazi ndiyo inapanga kiasi. Ndiyo maana klabu za huko huandika kiasi hicho mapema ndani ya kontra. Kwenye karatasi, mwenye deni ni mchezaji. Kwa kweli, karibu kila mara ni klabu mpya inayotoa feza na mchezaji anaweka sahihi tu. Kwa Lucas Pérez, lile lililokuwa la karatasi likawa kweli: nusu ya deni ilikuwa yake.

Deportivo si ekipe ndogo. Ilikuwa bingwa wa Uhispania mwaka 2000. Mwaka 2002 iliifunga Real Madrid fainali ya Kombe la Mfalme, ndani ya uwanja wa Madrid wenyewe, siku Madrid ilipokuwa ikisherehekea miaka 100 ya kuzaliwa kwake. Baadaye madeni yaliibana. Ilishuka kutoka ligi kubwa mwaka 2018, na mwezi wa saba 2020 ikashuka tena, kwa njia ambayo wakaaji wa La Coruña hawajaisahau: mechi yake ya mwisho na Fuenlabrada iliahirishwa kwa sababu ya wagonjwa wa Covid katika ekipe pinzani, na matokeo ya viwanja vingine yakaihukumu kabla haijagusa mpira.

Divizioni ya tatu ya Uhispania ni shimo lenye mlango mwembamba. Tangu mwaka 2021 ina klabu 40 katika makundi mawili, na ni 4 tu zinazopanda kila mwaka: bingwa wa kila kundi, na wengine wawili kupitia mechi za mchujo. Mwezi wa sita 2022 Deportivo ilifika fainali ya mchujo nyumbani, uwanja wa Riazor, Albacete ikaifunga mabao 2 kwa 1 katika dakika za nyongeza. Kubaki chini si aibu peke yake. Feza za televisheni zinagawanywa kwa sheria ya mwaka 2015: asilimia 90 kwa ligi kubwa, asilimia 10 kwa divizioni ya pili. Divizioni ya tatu, inayosimamiwa na shirikisho, haimo katika mgao huo. Klabu yenye uwanja mkubwa na wafuasi maelfu inaweza kukauka huko polepole, hata ikiwa na banki nyuma yake, kama Deportivo ilivyo na Abanca.

Ndani ya shimo hilo ndimo Lucas Pérez alijitupa. Alizaliwa La Coruña mwaka 1988, akalelewa na babu na bibi yake. Njia yake ya mpira haikuwa ile ya watoto wanaochukuliwa mapema na vituo vikubwa. Alipita katika ekipe za chini za Atlético Madrid na Rayo Vallecano, akaenda kutafuta maisha Ukraine, Karpaty Lviv na Dynamo Kyiv, kisha PAOK ya Ugiriki. Alikuwa amefikisha miaka 25 alipovaa jezi ya Deportivo kwa mara ya kwanza, mwaka 2014, kwa mkopo. Mwisho wa msimu huo, mwezi wa tano 2015, Deportivo ilikuwa ikizama pale Camp Nou, mabao 2 kwa 0 ya Messi. Yeye alifunga la kwanza, Salomão akasawazisha, na ekipe ikabaki ligi kubwa. Msimu uliofuata alifunga mabao 17, na Arsenal ikaja na feza zake.

Kule Londoni alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Basel, Ligi ya Mabingwa, lakini kwenye ligi alikaa zaidi benchi. Akarudi Deportivo kwa mkopo, na mwaka huo ndio ekipe iliposhuka. Hapa wafuasi wengi wanaona chanzo cha yote yaliyofuata. Mtoto wa mji alikuwa uwanjani siku klabu yake ilipoanguka, halafu akaondoka: West Ham, Alavés, Elche, Cádiz. Klabu ikaendelea kuporomoka bila yeye.

Wengine walisema ilikuwa hesabu tu: mchezaji wa miaka 34, miguu inachoka, anatafuta mahali pazuri pa kumalizia. Hesabu hiyo haisimami vizuri. Mtu anayetafuta pensheni haendi kulipa karibu nusu milioni ili mshahara wake upunguzwe. Vilevile, Cádiz nayo ilikuwa na haki ya kulalamika: ilikuwa ikipigania kubaki ligi kubwa na ikapoteza mshambuliaji katikati ya msimu. Haikushuka mwaka ule, na hilo lilimpunguzia Lucas Pérez lawama nyingi.

Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Unionistas ya Salamanca, alifunga mabao mawili. Hata hivyo mwaka huo haukuisha kwa furaha, Castellón iliitoa Deportivo kwenye mchujo. Ilibidi kungoja hadi tarehe 12 mwezi wa tano 2024. Riazor ilijaa, mpinzani alikuwa ekipe ya pili ya Barcelona, na bao moja tu lilitosha. Lucas Pérez alilifunga kwa mpira wa adhabu ndogo. Deportivo ikawa bingwa wa kundi na kutoka divizioni ya tatu baada ya miaka minne.

Mpira wa chini Uhispania una hadithi za upande mwingine pia. Enric Gallego, mzaliwa wa Barcelona, alizunguka miaka mingi katika ekipe ndogo za Catalonia bila kujulikana. Mwaka 2018 aliisaidia Extremadura kupanda divizioni ya pili, akafunga mabao 15 katika nusu ya kwanza ya msimu, na Huesca ikampeleka ligi kubwa akiwa na miaka 32. Gallego alipanda ngazi ambazo Lucas Pérez alizishuka kwa hiari. Wote wawili walionyesha kwamba divizioni ya tatu si makaburi ya wachezaji, ingawa wengi huingia na hawasikiki tena.

Kilichofuata La Coruña kiliwashangaza watu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, katikati ya msimu wa kwanza wa divizioni ya pili, klabu na mchezaji walivunja kontra kwa kupatana. Sababu zilizotajwa zilikuwa za kibinafsi. Baadaye akajiunga na PSV Eindhoven ya Uholanzi bila malipo ya uhamisho. Baadhi ya wafuasi walishindwa kulipokea: mtu aliyelipa ili arudi, anaondokaje bila kuagwa uwanjani? Mwezi wa tatu, PSV ikatangaza kwamba amepatikana na kifua kikuu, ugonjwa ambao huko Ulaya husikika mara chache kwa mchezaji wa kulipwa. PSV ilichukua ubingwa wa Uholanzi siku ya mwisho ya msimu huo, mwezi wa tano 2025. Deportivo ilibaki divizioni ya pili, nafasi ya 15.