Ushauri Nasaha kwa Wateja Wenye Matatizo Yaliyofungamana

Ushauri nasaha wa mtu mmoja mmoja hupangwa kwa kufuata hali ya mteja aliyepo mbele ya mshauri. Wateja wengi hutosheka na maelezo sahihi, vikao vichache na sikio la kuwasikiliza. Wapo wengine ambao matatizo yao yamefungamana: maradhi mawili au matatu kwa pamoja, uraibu, kukosa pa kulala, kesi mahakamani, ndoa iliyovunjika, kumbukumbu za kupigwa au kubakwa. Kwao tatizo moja husukuma jingine, na ushauri unaogusa moja tu haudumu. Suala la kupima ni kama huduma za umma, zenye washauri wachache na foleni ndefu, ziwatengee watu hao muda na uangalizi zaidi kuliko wenzao. Kliniki za Tanzania na Kenya zinazotoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, zinaonyesha kwamba inafaa kufanya hivyo, na kwamba gharama ya kutofanya ni kubwa zaidi.

Heroini imekuwa ikiingia katika miji ya mwambao kwa njia ya Bahari ya Hindi kwa miongo kadhaa, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kujidunga kulishamiri Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Kuchangia sindano kukasambaza virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni, ikiwa miongoni mwa huduma za kwanza za umma za aina hiyo barani Afrika. Kenya ilifuata Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, kisha huduma ikafika Malindi na Mombasa.

Kwa kawaida methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto, yaani maumivu ya mifupa, jasho, kuharisha na kukosa usingizi kunakomkumba mraibu anapokosa heroini, au unga kama inavyoitwa mitaani, bila kumpa stimu ya ghafla. Kwenye dirisha la dawa mteja huitwa, hupewa kikombe, hunywa, hushushia kwa maji, kisha husemeshwa maneno mawili matatu ili muuguzi ahakikishe dawa imemezwa. Utaratibu huo ni mmoja kwa wote, na ni sawa uwe hivyo, maana dozi iliyozidi huua. Hata kukosa dawa kuna kanuni zake: anayekosa siku tatu mfululizo hupimwa upya kabla ya kurudishiwa dozi yake, na anayekosa siku tano au zaidi kwa kawaida huanzishwa tena kwa dozi ndogo, kwa kuwa mwili umeshapunguza uzoefu wake wa dawa.

Kazi ya mshauri nasaha huanzia pale kanuni za dirishani zinapoishia. Mteja aliyekosa siku tatu huenda hakuwa na nauli, au alikamatwa na polisi, au alikuwa wodini akimuuguza mtoto, au alipata kibarua cha alfajiri, au amerudia unga. Rejista huandika alama moja kwa sababu zote tano. Mshauri anayempa kila aliyekosa somo lile lile la madhara ya dawa za kulevya atakuwa amemsaidia mmoja kati ya hao, na wanne wataondoka wakiamini kwamba kliniki haiwajui. Wazo hili si geni katika taaluma. Felix Biestek, padri wa Kijesuiti aliyefundisha kazi za ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Loyola jijini Chicago, alitoa mwaka 1957 kitabu chenye kanuni saba za uhusiano kati ya mhudumu na mteja. Ya kwanza ilikuwa kumtambua kila mteja kuwa mtu wa pekee, mwenye historia na mahitaji yake mwenyewe.

Umuhimu wa kanuni hiyo huonekana wazi kwa mteja wa methadoni anayeugua kifua kikuu. Tiba ya kawaida ya ugonjwa huo huchukua miezi sita, na rifampisini ni nguzo yake. Dawa hiyo huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja methadoni, hivyo ndani ya wiki mbili hivi dozi iliyokuwa ikimtosha mteja huwa pungufu. Huanza kupiga miayo, kamasi na machozi humtoka, jasho humlowanisha, usiku halali. Mhudumu asiyejua historia yake humwona kama mtu aliyerudi maskani, yaani vijiweni wanakokutana watumiaji wa unga. Akikaripiwa, mteja hufanya moja kati ya mawili: hutafuta unga ili atulize arosto, au huacha vidonge anavyovishuku, navyo ni vya kifua kikuu. Njia zote mbili ni za hatari, na ya pili hufungua mlango wa usugu wa vimelea kwake na kwa wanaoishi naye.

Efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi kufubaza virusi vya UKIMWI, nayo hupunguza methadoni mwilini. Dolutegraviri, iliyoshika nafasi yake, haina tatizo hilo, ila mtu mzima anayeitumia pamoja na rifampisini huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Tiba ya kifua kikuu inapokwisha, methadoni iliyokuwa imepandishwa hulazimika kushushwa kwa uangalifu, la sivyo itamlewesha mteja na hata kumzuia kupumua. Kupanga dozi ni kazi ya daktari. Lakini anayesikia kwanza kwamba mteja halali usiku, na anayejua kwamba alianza vidonge vipya wiki iliyopita, mara nyingi ni mshauri. Mshauri huyo hawezi kuunganisha mambo hayo mawili ikiwa kila ziara mteja hukutana na sura ngeni.

Wanawake wanaotumia heroini nao hawatoshei katika mpango uliochorwa kwa kumfikiria mwanamume asiye na mtoto wa kulea. Wengi huficha matumizi yao kwa hofu ya kunyang'anywa watoto au kufukuzwa na ndugu, na wengine huishi na mwenzi anayejidunga na anayeshika fedha. Akiwa mjamzito, mwanamke hatakiwi kuacha methadoni ghafla, kwa kuwa arosto yenyewe inaweza kuhatarisha mimba. Katika miezi ya mwisho dozi yake huenda ikahitaji kupandishwa, na mtoto huangaliwa kwa karibu baada ya kuzaliwa kwa sababu naye anaweza kuonyesha dalili za kukosa dawa. Mama huyo huhitaji kliniki ya wajawazito, mtu wa kumsindikiza, na maelezo ya mapema yatakayomkinga na lawama za wodini. Ushauri wa jumla kuhusu kuacha unga haumpi hata kimoja kati ya hivyo.

Upande wa pili wa hoja una uzito wake. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake watu wazima wa mitaani kutoa ushauri kwenye mabenchi nje ya zahanati, kwa mpango wa vikao sita vinavyofuata hatua maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Hivyo mpango mmoja, ukitolewa na watu wasio wataalamu, unaweza kuwafaa wengi kwa gharama ndogo. Anayetaka kila mteja apewe mtaalamu wake huwanyima wengi ili kuwatosheleza wachache. Hata hivyo mpango huohuo uliweka njia ya kumpeleka kwa msimamizi mtu mwenye mawazo ya kujiua. Huduma ya pamoja na huduma ya pekee hutegemeana: ya kwanza huhudumia wengi, na hivyo huacha nafasi ya kuwapokea wale wasiotoshelezwa nayo.

Pingamizi la usawa, kwamba kila mteja astahili muda ule ule, linajibika kwa msingi huo. Kugawa dakika sawa kwa watu wenye mizigo tofauti si kutenda haki. Pingamizi la gharama nalo hupungua nguvu likihesabiwa kwa ukamilifu, kwani mteja aliyeacha tiba hurudi akiwa mgonjwa zaidi, huanzishwa upya kwa dozi ndogo, na huenda alishaambukiza wengine. Hatari mbili zinastahili kuchukuliwa kwa uzito. Moja ni upendeleo, pale uangalizi wa ziada unapotolewa kwa anayependwa au anayepiga kelele. Nyingine ni kuchoka kwa mshauri anayebeba shida za watu bila mtu wa kumsaidia yeye.

Dawa ya hatari zote mbili ni utaratibu. Kwanza, kila mteja aulizwe maswali yale yale anapoandikishwa, na tena kila baada ya miezi michache: analala wapi, anatumia dawa gani nyingine, ana ujauzito, ana kesi, anapigwa, amewahi kufikiria kujiua. Majibu ndiyo yaamue nani apewe uangalizi wa ziada. Pili, kila aliye katika kundi hilo awe na mshauri mmoja anayewajibika kwake, mwenye wateja wachache kiasi cha kuwajua. Tatu, pawe na mpango ulioandikwa pamoja na mteja kwa maneno yake, wenye hatua zinazoonekana: kupata kadi ya kifua kikuu, kuzungumza na dada yake kuhusu chumba, kufika mahakamani siku fulani. Nne, daktari, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii na mwelimisha rika wakutane kila wiki kwa ajili ya wateja hao. Mwelimisha rika, ambaye aghalabu amepitia uraibu mwenyewe, hujua maskani ambako aliyepotea anaweza kupatikana. Washauri nao wapewe usimamizi wa kitaalamu wa mara kwa mara.

Siri ya mteja haipotei katika mkutano wa aina hiyo ikiwa ameelezwa tangu mwanzo taarifa zipi zitafika kwa nani, na akakubali. Daktari anahitaji kujua kuhusu rifampisini. Hahitaji kujua jina la aliyembaka mteja utotoni, isipokuwa mteja mwenyewe akitaka.

Kipimo cha mafanikio nacho kibadilike. Kliniki inayohesabu idadi ya vikao huonekana bora kadiri inavyofupisha mazungumzo. Vipimo vinavyofaa ni wangapi kati ya wenye matatizo yaliyofungamana wamebaki kwenye tiba baada ya mwaka, wangapi wamemaliza dawa za kifua kikuu, wangapi wamefubaza virusi, na wangapi wamepata pa kulala. Wizara za afya zinazoagiza takwimu hizo pamoja na idadi ya vikao zitawapa washauri sababu ya kukaa na mteja kwa muda anaouhitaji, na zitajua mapema ni kliniki ipi inawapoteza wale waliokuwa na uhitaji mkubwa kuliko wote.