Ukoo wa Jina Usifutwe

Wako wenzetu wajifunzao kompyuta ambao, wakiona programu ya kugeuza nyaraka za XML imekosea, hukimbilia kufuta koo za majina ili kazi iishe upesi. Mimi sikubaliani nao, na nawaomba wasomaji wa gazeti letu wazipime sababu zangu.

XML ni utaratibu wa kuandika habari ili kompyuta ziweze kuzisoma, nao ulitolewa na shirika la W3C mwaka 1998. Kila kipande cha habari hupewa jina. Chukueni jina "title". Katika XHTML ni kichwa cha ukurasa; katika SVG, ambayo ni lugha ya michoro, ni jina la mchoro. Yote mawili yaweza kukaa katika waraka mmoja. Kwa hiyo mwaka 1999 iliwekwa sheria kwamba jina laweza kuwa na ukoo, nao hutajwa kwa anwani ndefu. Ili anwani isiandikwe kila mara, huwekwa kiambishi kifupi mbele ya jina.

Makosa mengi huanzia hapo, kwani kiambishi si ukoo. Mtu mmoja huitwa baba na wanawe, na mjomba na wapwa zake, wala hawi watu wawili. Vivyo hivyo, huyu ataandika "svg:title" na yule "s:title". Ikiwa anwani ni moja, jina ni moja. Maktaba ya programu ilinganishayo viambishi badala ya anwani itakosea tu.

Tena waraka waweza kutangaza ukoo bila kiambishi chochote. Hapo, katika XSLT ya kwanza, ya mwaka 1999, kanuni itafutayo "title" tupu hutafuta jina lisilo na ukoo kabisa. Haipati kitu, wala haitoi onyo. Mwenye kazi hukasirika, akafuta koo zote.

Wazazi pengine watauliza, "Jambo hili latuhusu nini?" Fikirini waraka wa hospitali wenye "jina" la mgonjwa na "jina" la dawa. Koo zikifutwa, programu itayatenganishaje? Kosa lililokuwa likionekana sasa limefichwa, na lililofichwa ndilo la hatari zaidi.

Dawa yake yajulikana. Kwanza, andika waraka mdogo kabisa unaoonyesha kosa, uuhifadhi uwe jaribio la siku zote. Pili, rekebisha maktaba ilinganishe anwani pamoja na jina, isitazame kiambishi. Tatu, hakikisha kila kiambishi kinachoandikwa katika waraka mpya kimetangazwa humo. Anayechoka kuandika viambishi, XSLT 2.0 ya mwaka 2007 inamruhusu kutaja mara moja ukoo wa majina anayoyatafuta.

Watasema njia hii ni ndefu. Ni kweli, kufuta huchukua dakika chache. Lakini maktaba moja hutumiwa na programu nyingi, na kila mtumiaji atalazimika kufuta upya kwake, ambapo tengenezo moja lingewatosha wote. Mwenda pole hajikwai.

Basi nashauri chama chetu cha kompyuta kisikubali tengenezo lolote lisilo na jaribio lake. Mwenye maoni mengine na ayaandike katika toleo lijalo, nasi tutayasoma kwa furaha.