Mwanga wa LED uangukie barabarani, si machoni pa watu

Jua likishazama, barabara kuu inayotoka Mwanza kupitia Lamadi na Bunda hadi Makutano, pamoja na tawi lake linaloingia Musoma, hujaa watu wanaowahi nyumbani. Ng'ombe wa mwisho wanavuka kurudi zizini. Akina mama wanatembea pembeni na mizigo kichwani, baiskeli zisizo na taa zimebeba mkaa, na bodaboda zinakimbiza abiria wa mwisho wa siku. Nyingi ya bodaboda hizo sasa zina mwanga mweupe wenye ubuluu, mkali kiasi kwamba anayekuja upande wa pili hulazimika kuinamisha uso.

Hizo ni taa za LED, zilizowekwa na fundi mahali pa globu ya halojeni iliyokuja na pikipiki.

Kijana anayebadilisha globu hana kosa kwa kutaka kuona. Pikipiki nyingi za biashara, Boxer na TVS zikiwamo, hutoka kiwandani na globu ya wati 35 tu, na katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hufifia kila injini inapopunguza mzunguko. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akiona ndama amesimama barabarani, akashtuka, akashika breki, atahitaji mita 50 hivi hata kwenye lami kavu. Kwenye changarawe za kuelekea Majita ni zaidi ya hapo. Mwanga unaoishia mita 25 haumsaidii yeye wala ndama.

LED yenyewe ni kazi kubwa ya sayansi. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kufanikisha LED ya buluu, ambayo ikipakwa kemikali ya rangi ya njano hutoa mwanga mweupe. Inatumia umeme kidogo na hudumu muda mrefu. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wanaijua faida hiyo: walioteseka miaka mingi na karabai na bei ya mafuta ya taa wamehamia taa za LED za betri na sola. Ila mvuvi anataka mwanga usambae majini kila upande ili dagaa wajikusanye. Dereva wa barabarani anautaka mwanga uende mahali pamoja na usiende kwingine, na hapo ndipo mabadiliko mengi ya taa yanapoharibika.

Ndani ya globu ya halojeni yenye mwanga wa aina mbili kuna nyaya mbili nyembamba za tungsteni. Ule wa fulu umekaa mahali pake, na ule wa taa iliyoshushwa umekaa mbele kidogo, ukiwa na kikombe kidogo cha metali chini yake. Kikombe hicho huzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya bakuli la taa, kwa sababu nusu hiyo ndiyo ingeurusha juu. Bakuli zima limechongwa kufuata nafasi ya nyaya hizo, na milimita moja au mbili zinatosha kuvuruga kila kitu. Vipande vya LED ni bapa na kila kimoja hutoa mwanga upande wake tu. Globu isipovifikisha pale nyaya zilipokuwa, au fundi akiizungusha vibaya, mwanga husambaa hovyo. Dereva anaona weupe mwingi mbele yake na kuridhika, huku sehemu kubwa ya mwanga huo ikienda kwenye matawi ya miti na machoni pa watu.

Boksi la dukani halisemi hayo. Linasema lumeni, yaani wingi wa mwanga, mara nyingi maelfu, wakati halojeni ya wati 35 hutoa kama 800 kwenye fulu na 500 na ushee ikishushwa. Kuna mitego mingine pia. Pikipiki ambayo taa yake hufifia injini ikipunguza mzunguko mara nyingi hulisha taa kwa umeme wa AC unaotoka kwenye magneti, si betri, na LED isiyotengenezwa kwa umeme huo hupepesa au kuungua mapema. Globu nyingine ya LED ina feni kubwa nyuma, basi fundi anakata mpira wa kuzuia maji ili ienee. Masika yakifika, kioo kinapata ukungu ndani.

Kisha kuna mzigo, jambo ambalo halizungumzwi kabisa. Umbali kati ya magurudumu ya pikipiki hizi ni kama mita 1.25. Abiria wawili wa mishikaki, au gunia la dagaa, wakiishusha nyuma kwa sentimita 4 tu kuliko mbele, mwanga ulio mita 50 mbele hupanda kwa mita 1.6. Taa iliyokuwa ikimulika lami sasa inampiga mwendesha baiskeli usoni. Kwa halojeni dhaifu hilo lilivumilika. Kwa LED kali, yule mama anayetembea pembeni anapotea kabisa katikati ya mng'ao, na dereva wa gari linalokuja haoni kama kuna mtu pale.

Ujerumani, nchi kali kwa mambo ya magari, ilianza kuruhusu globu za LED badala ya halojeni mwaka 2020, na hata hapo ni kwa globu maalumu ndani ya taa maalumu zilizopimwa pamoja. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lingeweza kuanza na hatua ndogo kuliko hiyo: globu inayouzwa ioneshe wazi inafaa taa ya aina gani na umeme wa aina gani. Kupiga marufuku kungewarudisha vijana kwenye giza, na hilo halifai.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Pikipiki isimamishwe mita 5 kutoka ukutani, dereva na abiria wakiwa wamekaa, na urefu wa katikati ya taa uwekewe alama ukutani. Taa ikishushwa, ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hadi 10 chini ya alama hiyo. Usipokaa hapo, skrubu ya kurekebishia ipo. Mwanga usipokuwa na ukingo wowote, umetawanyika tu ukuta mzima, globu hiyo haifai katika taa ile na irudishwe dukani.

Viongozi wa vijiwe vya bodaboda na askari wa usalama barabarani wangeweza kukubaliana ukuta mmoja wa namna hiyo stendi ya Bweri mjini Musoma, mwingine Bunda, mwingine Butiama, na ukaguzi wa taa ukafanyika hapo jioni, kabla ya kazi ya usiku kuanza, abiria akiwa kwenye siti.