Barua ya Wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu: Wapigaji wa Taarabu Waruhusiwe Kufundisha Uzamili

Kwa Mheshimiwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania



Nakuandikia kwa ajili ya chuo kidogo kilichofungua milango yake Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2002, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Hapo vijana hufundishwa udi, qanuni, fidla, akodiani, kidumbaki na ngoma za Unguja na Pemba, wakatoka na cheti au stashahada. Ombi langu ni kwamba kijana anayeanzia pale aweze kufika hadi uzamili wa upigaji taarabu hapa hapa visiwani, chuo kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA).

Wanafunzi wapo na vyombo vipo. Tunapokwama ni kwenye vyeti vya walimu. Utaratibu wa vyuo vikuu unamtaka mwalimu awe na shahada ya juu kuliko ile anayoifundisha. Kwenye hisabati au udaktari sina la kusema. Lakini kwenye taarabu utaratibu huo unamweka nje yule yule anayeijua kazi. Mwimbaji Bi Kidude, aliyetunukiwa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, asingeruhusiwa kulifundisha darasa la uzamili nyimbo za unyago. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, naye angeachwa mlangoni. Aliyesoma habari zao vitabuni akapata shahada ya uzamivu angeingia bila swali. Hili halikubaliki.

Matokeo yake, elimu ya juu ya taarabu imekuwa ikitafutwa mbali. Kitabu cha mtafiti Kelly Askew kuhusu muziki na siasa za utaifa Tanzania kilichapishwa Chicago mwaka 2002, na cha Janet Topp Fargion kuhusu taarabu ya Zanzibar kikatoka mwaka 2014. Ni kazi nzito, nazo zimetufaa. Hata hivyo wazee wanaowakalisha watafiti na kuwaeleza muziki huu hubaki kwenye ukurasa wa shukrani, na shahada huandikwa jina la chuo cha ng'ambo.

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze qanuni, naye aliporudi akawafundisha wenzake. Tangu kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, ufundi huu umerithishwa kwa mwanagenzi kukaa karibu na fundi, akatazama vidole, akasahihishwa. Sijui ithibati gani ya ubora inayoizidi hiyo.

Wenzetu wamepata njia. Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland, kina shahada ya uzamili katika upigaji wa muziki wa jadi wa nchi yao. Akademia ya Sibelius ya Helsinki humpima mwanamuziki wa uzamivu kwa matamasha yake pamoja na andiko. Na Tume yako yenyewe imeshamruhusu mtu aliyepata ujuzi wake nje ya darasa apimwe, akifaulu aingie shahada ya kwanza. Aliyefunguliwa mlango huo ni mwanafunzi. Naomba mwalimu naye afunguliwe.

Liundwe jopo la wapigaji wa vikundi vya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club pamoja na wanazuoni wa SUZA, limsikilize mwombaji akipiga na akifundisha. Atakayepita aajiriwe kuwa mhadhiri wa upigaji, kwa mshahara wa mhadhiri, na awe na kura kamili katika mtihani wa jukwaani. Andiko la mwanafunzi lisimamiwe na mwenye uzamivu kama ilivyo sasa. Hakuna kiwango kitakachoshuka kwa utaratibu huo.

Mafundi wengi ni watu wazima, na Bi Kidude alishatutoka tangu Aprili 2013. Naiomba Tume iviite Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi na SUZA mezani mwaka huu, na wapigaji wenyewe waalikwe kikaoni.