Ukiruka Siku Moja



Mahindi yetu ya Songea huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Mwezi wa Julai gunia likiisha kuuzwa, wengi wetu hapa Lizaboni huapa: “Safari hii nitaweka akiba.” Lakini Januari ikifika, watoto wataka sare na madaftari, shamba lataka mbolea, na kibubu ni kitupu.

Kosa liko wapi? Mara nyingi si uvivu. Twaahidi makubwa, twashika siku tano, ya sita twateleza, kisha twasema, “Basi, nimeshindwa.” Hapo ndipo nia inapokufa.

Watazame jirani zetu wa Peramiho. Misheni yao ilianzishwa mwaka 1898. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, ikachomwa moto. Wamisionari wakarudi, wakaanza upya. Leo nani asiyeijua hospitali ya Peramiho?

Nawe, chagua kiasi kidogo usichokiogopa, tuseme shilingi 500 kila jioni kabla ya chakula. Waambie walio nyumbani, wakukumbushe. Tangu Julai hadi Desemba ni siku 184, yaani shilingi 92,000. Ukiruka siku kumi, bado unazo 87,000! Lakini ukiruka moja ukaacha kabisa, watoto utawapa nini?

Bandu bandu huisha gogo. Jana hukutia? Tia leo.