MZEE TULIYEMZIKA JUZI



Juzi tumemzika mzee wa msikitini kwetu, hapa Dodoma. Nikauliza alizaliwa lini. Mwanawe akasema: "Sheikh, tunajua tu ni enzi za karanga za Kongwa." Yaani kati ya 1947 na 1951, Waingereza walipolima karanga wakashindwa.

Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ikamtoa kwao, akaanza upya kujenga tembe kwenye kijiji cha ujamaa. Mwaka 1973 ikaamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi; yeye alikuwa machungani.

Vitabu vimeandika maamuzi hayo. Usiku wake wa kwanza kijijini ameuandika nani? Hakuna. Nami niliyeswali naye safu moja miaka mingi sikuwahi kumuuliza. Astaghfirullah.

Ndugu zangu, historia si ya wakubwa peke yao. Kwa Allah hata ndoo ya maji aliyompa jirani wakati wa ukame haipotei. Uzembe ni wetu sisi, wenye simu mkononi na wazee nyumbani.

Leo baada ya Isha kaa na babu au bibi yako. Muulize, umrekodi. Kaburi halijibu maswali yetu.

Allah amrehemu mzee wetu. Aamin.