Mizani Iliyofichwa

Nimechoka kusikia maofisa wakisema kwamba watu wa mikoani hawajui kompyuta. Maneno hayo hutoka kila mara mwombaji wa kazi au mstaafu wa Mbeya au Iringa anapoambiwa kuwa barua pepe yake imefika bila kiambatisho, au haikufika kabisa. Lawama zote hubebeshwa aliyetuma. Mimi nakataa. Nina kompyuta nyumbani, hapa Uyole, na majirani huniletea matatizo haya. Nimeyaona mengi kiasi cha kuweza kusema kuwa mara nyingi mwenye kosa ni yule aliyeagiza.

Sisemi kwamba watumaji hawakosei. Yuko anayeambatisha ile alama ya njia ya mkato iliyo kwenye uso wa kompyuta akidhani ndiyo faili lenyewe, na kinachofika ni kitu kidogo kisichofunguka. Yuko anayeandika barua nzuri sana, akasahau kuambatisha. Haya hurekebishwa kwa dakika moja, tena aliyeelekezwa vizuri harudii.

Tatizo kubwa ni uzito. Hapo mwanzo barua pepe iliundwa ibebe maandishi matupu. Utaratibu wa kubebea picha na mafaili, uitwao MIME, ulitolewa mwaka 1992 na Nathaniel Borenstein na Ned Freed. Katika utaratibu huo faili hugeuzwa kuwa herufi ili lipite, na kwa kawaida kila baiti 3 huwa herufi 4. Maana yake mzigo huongezeka kwa theluthi moja njiani, na mtumaji haoni.

Sasa, ndugu msomaji, dereva wa lori anayepakia mchele Mbeya kwenda Dar es Salaam anajua kwamba Makambako kuna mizani, na uzito unaoruhusiwa umeandikwa katika sheria. Akizidisha, hana wa kumlalamikia. Lakini ofisi inayotaka vyeti kwa barua pepe ina mizani yake pia, nayo imeificha. Postfix, programu inayoendesha seva nyingi za barua pepe duniani, ikiachwa kama ilivyotoka kwa watengenezaji hukataa barua inayozidi takriban megabaiti 10. Ukitoa lile ongezeko la theluthi, faili lenyewe halipaswi kuzidi megabaiti 7 na kidogo. Mtu wa Gmail anaruhusiwa viambatisho vya megabaiti 25, kwa hiyo anabonyeza kutuma kwa moyo mweupe. Barua inarudishwa usiku na maelezo ya Kiingereza yenye tarakimu, na kesho yake ndiyo siku ya mwisho ya maombi.

Mpwa wangu ni mwalimu, anakaa Kihesa, Iringa. Tangazo moja la kazi lilitaka wasifu, cheti cha kuzaliwa na vyeti vyote vya shule katika faili moja. Kijana wa steshenari aliviskani kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, kwa nia njema kabisa, ili mihuri isomeke. Likatoka faili la megabaiti 40. Huduma ya barua pepe aliyoitumia haikulikataa. Ilipoona ni zito, ililiweka katika hifadhi yake ya mtandaoni na kutuma kiungo tu. Aliyepokea alikuta mlango unaomtaka aombe ruhusa ya kuingia, naye hakuomba. Baada ya wiki tatu mpwa wangu alipiga simu, akajibiwa kwamba hakuambatisha kitu.

“Mjomba, niliambatisha,” aliniambia. “Jina la faili nililiona kwa macho yangu.” Alikuwa anasema kweli, lakini nafasi ilikwisha kujazwa.

Faili lile aliniletea baadaye kwenye flashi. Tulilipunguza hadi nukta 150 kwa inchi. Ukishuka hivyo nukta za ukurasa hupungua mara 16, na mihuri bado inasomeka. Tukaondoa rangi. Likabaki chini ya megabaiti 2, na kazi yote haikuzidi dakika kumi. Hizo dakika kumi zingepatikana kabla ya tarehe ya mwisho iwapo tangazo lingekuwa na sentensi moja tu inayotaja kikomo.

Wapo watakaosema kwamba mtumaji angeuliza kwanza. Angemuuliza nani? Anwani ya kwenye tangazo haijibu, na simu ya ofisi inaita mpaka inakatika. Wengine watasema ajaribu tena na tena mpaka iende. Hao hawanunui bando. Kupakia hula bando kama kupakua, na megabaiti 40 zilizokatikia katikati haziwezi kurudishwa.

Ninachotaka si kikubwa. Anayetaka viambatisho aandike uzito na aina ya faili anayopokea. Kisha ajibu siku hiyohiyo akitaja mafaili aliyoyaona na kuyafungua. Ukipeleka bahasha stendi ya Iringa ikapandishwe basi la Dar es Salaam, karani hukuandikia risiti kabla hujageuka kuondoka, na anaiandika kwa kalamu, juu ya goti.